Nimelipia inchi 32, natazama 25

Usiku wa Ijumaa, tarehe 3 Mei 2024, Kimbunga Hidaya kikiwa bado baharini kikielekea Mafia, dada yangu alikuwa sebuleni na mwanawe wa miaka sita. Mimi nilikuwa Chumbageni, hapa Tanga, nashusha dishi la mteja lisije likang'olewa na upepo. Dada yangu ni kiziwi. Alipata homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka minne, homa ikaondoka na masikio yake. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku haimpiti, kwa sababu ndiyo saa ambayo televisheni inazungumza naye. Pembeni, chini kulia, anatokea mkalimani wa lugha ya alama, na dada yangu anajua dunia inasema nini bila kumsubiri mtu arudi nyumbani amweleze.

Mume wake ni mvuvi, anashushia samaki pale Deep Sea. Usiku ule alitaka kujua jambo moja tu: Mamlaka ya Hali ya Hewa inasemaje kuhusu bahari ya huku kwetu. Mtangazaji akafika hapohapo. Na hapohapo likachomoza tangazo la kubeti kutoka chini, la kijani, lenye mpira unaozunguka, likakaa juu ya mikono ya mkalimani. Uso wake ukaonekana, mabega yakaonekana, mikono ikafunikwa. Kwa mtu anayesikia ni kama sauti imezimwa katikati ya sentensi, ikarudishwa sentensi ikiwa imekwisha. Tangazo liliposhuka, habari ilikuwa nyingine.

Nilipoingia nilimkuta amesimama mbele ya TV, ameweka kiganja kwenye kioo, pale pale pembeni. Aliyenieleza ni mtoto. "Shikamoo mjomba. Mama anauliza bahari. Mimi nimesikia wanasema upepo, lakini sijui kumwambia." Mtoto huyu anajua alama za chakula, shule, maji, usingizi. Alama za kasi ya upepo na urefu wa mawimbi hajui, na si kazi yake kuzijua.

Nikampigia shemeji. Hakuwa ametoka, vyombo walikuwa wamevivuta juu tangu mchana. Kwa hiyo hakuna aliyeumia, na sisimulii haya ili kumtisha mtu. Nasimulia kwa sababu tangu usiku ule sijaweza tena kuitazama televisheni yangu kama zamani. Kila kinachochomoza, nakiona. Nimetumia huduma hii ya king'amuzi cha dishi tangu Januari 2024, nimelipa bila kuruka, na nadhani nimeijua vya kutosha kuieleza.

Kampuni sitaitaja. Mimi ni fundi wa televisheni na madishi hapa Tanga, nimefunga ving'amuzi vya karibu kila anayeuza mjini, kuanzia Makorora hadi Raskazone, na haya ninayoyalalamikia nimeyaona kwa wote, huyu zaidi na yule kidogo. Nikimtaja mmoja nitakuwa nimewasafisha wengine bila haki. Atakayesoma ataijua ya kwake akikaa mbele ya TV yake.

Nianze na yaliyo mazuri, maana yapo. Picha ni safi. Sauti haipishani na midomo, tatizo ambalo lilikuwa sugu kwenye king'amuzi changu cha zamani. Chaneli zinabadilika haraka. Mvua ikinyesha kwa nguvu picha huganda, lakini hiyo ni tabia ya mawimbi ya dishi, matone mazito yanayanyonya. Hakuna kampuni itakayokwepa masika ya Tanga. Kwetu huku adui mkubwa ni chumvi ya bahari inayokula kichwa cha waya kwenye jicho la dishi. Funga vizuri kwa mpira, paka grisi kidogo, na utakaa mwaka mzima hujapanda kwenye bati. Malipo kwa simu yanaingia ndani ya dakika moja au mbili. Tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili ni nzuri, watia sauti wamekomaa, na mama yangu hakosi hata sehemu moja. Kwa haya yote natoa alama za juu bila kusitasita.

Sasa kioo chenyewe.

Nilichukua futi nikapima. TV yangu ni ya inchi 32, ambayo ndiyo nyumba nyingi za hapa zinayo. Kioo kina upana wa sentimita 71 na kimo cha sentimita 40. Nembo ya chaneli, juu kulia, ni sentimita 7 kwa 3. Neno MUBASHARA lenye kisanduku chekundu ni 8 kwa 2, na hukaa hata kipindi kikiwa cha marudio. Chini kuna utepe wa maandishi yanayopita, kimo chake sentimita 4, na umeenea upana wote. Ukijumlisha, kabla ya tangazo lolote, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya kioo imekwishachukuliwa na vitu ambavyo si kipindi.

Halafu linakuja tangazo la kubana. Hili mnalijua: picha inasukumwa juu kwenye kona, na tangazo linakaa ubavuni na chini kama herufi L. Nikapima picha iliyobaki: sentimita 57 kwa 32. Ukipima kwa mshazari, kama wauzaji wanavyopima, hiyo ni TV ya inchi 25 na ushee. Kwa eneo imebaki asilimia 64. Zaidi ya theluthi moja ya kioo nilichonunua kwa fedha yangu, kwa umeme ninaolipia mimi, kwenye kifurushi ninacholipia mimi, imekodishwa kwa mtu mwingine, na kodi hailetwi kwangu.

Kisanduku cha mkalimani nacho nilikipima: sentimita 13 kwa 15. Hiyo ni chini ya asilimia 7 ya kioo. Picha ikibanwa, mkalimani anabanwa pamoja nayo, na kidole chake kinakuwa na unene wa njiti ya kiberiti. Kwenye lugha ya alama kidole kimoja kukunjwa au kunyooka hubadilisha neno. Dada yangu hukaa mita tatu kutoka kwenye TV kama sisi sote. Linapokuja tangazo la kubana, husogea na kigoda chake mpaka magoti yanagusa meza. Likiondoka, anarudi. Usiku mmoja nilihesabu akisogea mara saba ndani ya taarifa moja ya habari. Hilo ni la kubana. La kufunika, lile la kuchomoza, halina pa kusogea.

Mtu ataniambia asome utepe wa chini. Nimeambiwa hivyo, na aliyeniambia hakuwa na nia mbaya. Lakini utepe hausemi anachosema mtangazaji. Unapita na habari zake, bei ya dola, salamu za idara, matokeo ya ligi. Na kwa kiziwi aliyekua na lugha ya alama, Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili, aliyofundishwa darasani bila kuisikia. Dada yangu anasoma vizuri, amesoma shule ya viziwi mpaka akamaliza, anaandika vipimo vya wateja wake wa cherehani bila kosa. Maandishi yanayokimbia ni jambo jingine kabisa.

Wateja huniuliza mara kwa mara: "Fundi, huwezi kuitoa hiyo nembo?" Nawajibu siwezi, na afadhali nieleze sababu, maana watu wengi wanapeleka malalamiko kwenye mlango usiohusika. Nembo, utepe, tangazo la kubana na la kuchomoza vyote vinawekwa kwenye chumba cha mitambo cha kituo chenyewe. Ni mashine ya michoro inayolaza tabaka juu ya picha mwishoni kabisa, kabla haijapandishwa kwenye setilaiti. Ikifika nyumbani kwako imeshachanganyika, kama chai na maziwa. Hakuna rimoti wala fundi atakayevitenganisha. Ukiona hivyo, malalamiko yako yaende kwenye kituo.

Ujumbe wa king'amuzi ni kitu kingine. Ule unaosema "kifurushi chako kitaisha baada ya siku 3" unachorwa na king'amuzi chenyewe hapo nyumbani kwako, kwa amri ya kampuni inayouza vifurushi. Kwenye huduma yangu unakaa katikati ya kioo na hauondoki mpaka ubonyeze OK. Unaanza siku tano kabla. Mama yangu ana miaka 70, hajui OK iko wapi, hukaa akisubiri mtu aje. Siku moja nilirudi saa kumi jioni nikamkuta anatazama tamthilia yake nyuma ya kisanduku cha bluu kilichowaficha waigizaji wote vifua na nyuso. Nikamuuliza, "Mama, kimekaa muda gani hiki?" Akasema, "Tangu kianze. Nilidhani ndivyo wanavyotaka." Nilikuwa nimelipia kifurushi kile asubuhi yake.

Kuna na namba zinazotokea ghafla, tarakimu nyingi nyeupe mahali popote kwenye kioo, kisha zinapotea. Hiyo ni namba ya kadi ya king'amuzi chako. Wanaitupa wakati wa mechi kubwa ili anayeiba matangazo na kuyarusha mitandaoni ajulikane kadi yake ni ipi. Hili sina ugomvi nalo. Ni sekunde chache, lina sababu, na wezi wapo kweli. Hata nembo ya kituo naielewa: kazi ni yao, wameigharimia, wana haki ya kuiwekea alama isinyakuliwe. Ninachouliza ni kwa nini alama hiyo iwe ya rangi zote, iwe inazunguka kila dakika, na iwe na sikukuu zake. Desemba inavaa kofia, Februari inatoa makopa. Nembo iliyofifia, nyeupe ya kupenyeza, ingelinda kazi yao vilevile. Tamthilia za nje zinakuja na ushahidi wa jambo hili: pembeni utaona doa la ukungu pale nembo ya kituo cha kwao ilipofutwa, na nembo ya huku imewekwa kona nyingine. Picha moja, makovu mawili.

Na nembo zinaharibu vioo. Hili nalisema kama fundi. Kioo cha plazma na cha OLED kila nukta hujitolea mwanga wake mwenyewe, na nukta inayowaka sana kwa saa nyingi huchoka kabla ya wenzake. Nembo isiyohama, nyeupe au nyekundu kali, ikikaa pale pale miezi na miezi, inaacha chapa. Nimeletewa plazma iliyokuwa ukumbini kwenye nyumba ya wageni, wakifungua chaneli moja ya habari tangu asubuhi hadi usiku. Nilipoiwasha na kuweka rangi ya kijivu tupu, nembo ilisomeka herufi kwa herufi, na utepe wa chini umeacha mstari wa ukuta hadi ukuta. Mwenye nyumba alitaka niisafishe. Haisafishiki. Viwanda vya plazma vilifungwa miaka ya 2013 na 2014, lakini vioo vyake bado vipo huku kwetu, na OLED zimeanza kuingia kwa wenye uwezo. Baadhi ya OLED zina mpangilio wa kupunguza mwanga wa nembo. Ukiwa nayo tafuta kwenye menyu uuwashe leo. LED za kawaida, ambazo ndizo nyingi, hazina hofu kubwa ya hilo. Ila fikiria: viwanda vya televisheni vimelazimika kubuni namna ya kujikinga na nembo za vituo.

Tarehe 31 Desemba 2012 Dar es Salaam walizima mitambo ya analojia, na mikoa mingine tukafuata. Nakumbuka kazi ya miezi ile, sikulala. Watu walikuwa na hasira, wanunue king'amuzi kwa fedha ambayo hawakuipanga, na sisi mafundi tukawaambia yale tuliyoambiwa: vumilieni, picha itakuwa safi, chenga zitakwisha. Chenga zilikwisha kweli. Nilimwambia bibi mmoja wa barabara ya kumi na nane, Ngamiani, kwamba sasa ataona mpaka jasho la mchezaji. Alifurahi. Nilisema kwa moyo wangu wote, na nilikuwa nimeamini. Leo nikipita kwake kurekebisha dishi naona jasho la mchezaji lipo, na chini yake maneno ya mkopo wa simu.

Mpira ndio unaowakera walio wengi, nami sitauruka. Agosti 2025, CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ilipofunguliwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, Tanzania na Burkina Faso, nilitoa TV nje ya duka langu, majirani wakajaa. Abdul Hamisi Sopu akafunga penalti kabla ya mapumziko, barabara yote ikalipuka. Kipindi cha pili, Mohamed Hussein Tshabalala akafunga la pili kwa kichwa. Kwenye chaneli tuliyokuwa tukitazama sisi, mpira ule ulipokuwa unapandishwa, picha ilikuwa imebanwa kwenye kona na ubavuni kuna chupa ya kinywaji inamwagika. Tuliona watu wadogo wakikimbia, tukasikia kelele, tukajua ni bao. Tulilitazama vizuri kwenye marudio. Mzee mmoja jirani yangu, mtu mpole, alinyanyuka akasema, "Bao la Taifa mara moja tu linafungwa, marudio si bao," akakaa. Mpira una mapumziko ya dakika 15 ambayo hakuna kinachoendelea uwanjani. Matangazo yote yangeenea pale na hakuna ambaye angeyalalamikia.

Nimeanza kuisoma habari hii ya kuchomoza ilivyo kwa wenzetu, na nikakuta kisa cha Uingereza kilichonipa nguvu. Tarehe 24 Aprili 2010, BBC One ilikuwa inaonyesha tamthilia, na katika sekunde za mwisho kabisa, pale kisa kilipofika kwenye kilele, wakarusha katuni ya mtangazaji wao Graham Norton chini ya kioo kutangaza kipindi kinachofuata. Hata halikuwa tangazo la biashara, lilikuwa la kipindi chao wenyewe. Watazamaji zaidi ya 5,000 walilalamika na BBC ikaomba radhi. Watu wale walisimama kwa sababu ya sekunde chache za tamthilia. Nikalinganisha na mikono ya mkalimani usiku wa kimbunga, na nikajiuliza sisi tuliolalamika ni wangapi. Mimi nilikuwa mmoja.

Nilipiga simu Jumatatu iliyofuata, huduma kwa wateja. Dada aliyepokea alikuwa na adabu na alinisikiliza.

"Kaka, umejaribu kuzima na kuwasha king'amuzi?"

"Dada yangu, king'amuzi ni kizima. Tangazo limefunika mikono ya mkalimani wa lugha ya alama."

Akanyamaza kidogo. "Ya mkalimani... hiyo ni kwenye chaneli yenyewe, kaka. Sisi ni kifurushi."

Alikuwa sahihi, nimeshaeleza hapo juu. Nikaipigia chaneli. Nikahamishwa kitengo cha habari, kitengo cha habari wakasema matangazo ni ya masoko, masoko wakasema mpangilio wa kioo ni wa ufundi, na fundi niliyempata mwishoni, mwenzangu kabisa, aliniambia jambo ambalo sijalisahau: "Kaka, tangazo limetengenezwa likiwa na vipimo vyake, na mkalimani amewekwa na watu wengine. Hakuna aliyeyaweka mawili hayo kwenye kioo kimoja akayatazama." Namshukuru kwa ukweli wake. Aliniomba nitume picha. Nilituma picha nne nilizopiga kwa simu, nimeandika saa na tarehe kwenye kila moja.

Naliangalia hili kama jambo la haki, sijui jina jingine la kulipa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 30 ya mkataba huo inataja vipindi vya televisheni kwa jina: vipatikane katika namna ambayo mtu mwenye ulemavu ataweza kuvifuata. Jirani zetu Kenya waliandika katika sheria yao ya mwaka 2003 kwamba vituo vya televisheni viweke kisanduku cha lugha ya alama au maandishi katika taarifa zote za habari. Nani aliyeandika maneno hayo alifikiri kwamba kisanduku kitawekwa, kisha kitafunikwa? Mkalimani analipwa, anavaa nguo ya rangi moja ili mikono ionekane, anasimama chini ya taa, anafanya kazi ngumu ya kutafsiri papo kwa hapo. Anafanya yote hayo, na mtu aliyekaa kwenye kompyuta anamwekea mpira unaozunguka kifuani.

Kuna mambo machache ambayo mtazamaji anaweza kufanya mwenyewe. Televisheni nyingi za bei nafuu zinakuja zimewekwa kukuza picha kidogo, kwa hiyo kingo zote nne zinakatwa. Nenda kwenye mpangilio wa picha, tafuta ukubwa wa picha, chagua ule unaoonyesha picha nzima bila kukatwa. Kwenye baadhi ya TV umeandikwa Just Scan au Screen Fit. Nilipofanya hivyo kwetu, mkalimani alirudishiwa kiwiko kizima kilichokuwa kinapotelea nje ya kioo, na dada yangu aliligundua kabla sijamwambia. Wengine hufanya kinyume, wanakuza picha makusudi ili nembo itoke nje. Inafanya kazi kwa nembo. Ila mkalimani naye anatoka. Kwa ujumbe wa kifurushi, lipa siku sita kabla ya kuisha. Kwangu haujatokea tena tangu nianze hivyo, ingawa sioni kwa nini mteja apange mshahara wake kwa kukwepa kisanduku.

Na kwa vituo, ninachoomba hakigharimu mtambo mpya. Mashine ileile ya michoro inaweza kupewa sehemu isiyoguswa. Ni mstari mmoja kwenye mpangilio: kona hii, sentimita hizi, hakuna kitu kitakachopanda hapa mkalimani akiwapo. Tangazo likae kushoto. Au likae mwishoni mwa habari, watu tukiwa tunasubiri michezo. Picha isibanwe wakati wa taarifa ya habari, hata mara moja. Na tahadhari ya hali ya hewa inaposomwa, kioo kiwe kitupu kabisa, kuwe na mtangazaji, ramani na mkalimani. Kama mfanyabiashara wa kubeti amelipia sekunde zile, arudishiwe fedha yake. Nipo tayari kuchangia.

Alama zangu, basi. Dishi, mawimbi na malipo: 5 kati ya 5. Vipindi: 4. Kioo: 1, na hiyo moja ni kwa sababu ya namba ya kadi na nembo ndogo ya chaneli ya watoto, ambayo imefifia vizuri na haizunguki, anayeisimamia chaneli ile anajua kazi yake. Kwa nyumba yenye kiziwi au mzee asiyeona vizuri, siipendekezi mpaka watengeneze. Nimeacha kulipa kwa mwezi, nalipa kwa wiki, ili nikiamua kuondoka nisiwe nimewaachia chochote.

Mteja mpya akinipigia nimfungie dishi, siku hizi huwa namuuliza kwanza: "Nyumbani kuna mtu anayesikiliza kwa macho?" Wengi hawaelewi swali, nawaeleza. Mwezi uliopita mama mmoja wa Makorora alikaa kimya, kisha akasema, "Yupo, fundi. Ni mwanangu wa mwisho. Huwa anakaa karibu sana na TV, nami nilikuwa namgombeza." Nilimfungia, nikamwekea picha nzima bila kukatwa, nikahamisha kigoda cha mtoto mbele nikakiacha hapo.